Biriani ya harusi ya Rukia

Likoni, Mombasa

Shoga yangu Mwanajuma,

Salaam nyingi. Sisi wazima, joto tu. Bi Aziza yuko vilevile, goti na malalamiko.

Ile sauti uliyonitumia nimeisikiliza. Eti biriani iwe ya ngamia kwa sababu ya kichaa cha ng'ombe Brazili? Mwanajuma, habari hiyo ni ya 2023! Ng'ombe mmoja wa jimbo la Pará, mzee wa miaka 9. Wakasimamisha kupeleka nyama China mwezi mzima, kisha biashara ikaendelea.

Na kichaa hicho si kimoja. Kile cha Uingereza, kilichotambuliwa 1986, kilienea kwa kuwalisha ng'ombe unga wa nyama na mifupa ya wenzao. Ng'ombe waliougua walipita 180,000, na ndicho kilichowafikia binadamu. Cha Brazili ni kingine: humzukia ng'ombe mzee, mara moja moja, na wataalamu waona hujizukia chenyewe. Nacho kina aina mbili, H na L, zilizoelezwa Ufaransa na Italia 2004. Kwa macho hutozijua. Maabara huchukua ubongo pale unapoungana na uti wa mgongo, hutia kimeng'enya kinachokula protini ya kawaida, ile iliyojikunja vibaya, iletayo maradhi, ikabaki. Wakiipitisha kwenye jeli kwa umeme, mstari wa H husimama juu kidogo ya ule wa Uingereza, wa L chini kidogo. Basi, ni hilo tu.

Sisemi ni salama. L wameijaribu kwa nyani, ikawashika. Na usinambie utaichemsha sana, moto hauiwezi, ni hiyo protini, si kijidudu.

Lakini ng'ombe wetu wa Tana River, aliyekula nyasi na vumbi? Mimi kila asubuhi machinjioni napasua maini kutafuta minyoo, na moyo na mashavu kutafuta vifuko vya tegu. Hayo ndiyo ya kunikosesha usingizi, na hakuna anayeyatumia sauti.

Halafu ngamia! 2018 Aljeria waliripoti ngamia wa machinjio ya Ouargla wana maradhi ya jamii hiyohiyo. Sasa wageni utawapikia pweza?

Umeshamlipa yule wa ngamia? Pesa zarudi? Rukia mwenyewe asemaje, au hajaulizwa? Mpishi ni yule wa Kibokoni, au mmekosana tena? Nije Alhamisi? Na deraa langu, fundi keshamaliza?

Wako,
Zuhura