Lee Chang-ho alikuwa akihesabu

Mhariri,

Makala yenu ya Jumapili kuhusu mabingwa wa Go, mchezo wa ubaoni ambao mweusi na mweupe huweka mawe kwa zamu ili kuzingira eneo, kila nafasi tupu iliyozingirwa ikiwa pointi moja, nimeisoma mara mbili, na nafurahi kuona ukurasa wa michezo umepumzika kidogo na mpira. Ila sentensi moja imenikwama kooni kama mwiba wa samaki. Mwandishi wenu anasema Lee Chang-ho wa Korea Kusini alikuwa mchezaji baridi, kazi yake kusubiri mpinzani akosee. Huko ni kumwonea mtu.

Nilisoma Korea miaka miwili, na jioni nyingi nilizimalizia kwenye ukumbi wa Go, wenyewe wanauita kiwon, nikinywa kahawa ya pakiti na kufungwa na wazee. Kuna mchezo mmoja siusahau. Tulipomaliza, kila mtu alirudisha mateka, yaani mawe aliyomteka mwenzake, ndani ya eneo la huyo mwenzake kumpunguzia, halafu tukapanga nafasi zilizobaki kwa makumi ili zihesabike kwa jicho. Mimi mweusi nilikuwa na pointi 34. Mzee, mweupe, alikuwa na 28. Nikaanza kutabasamu. Akanikumbusha fidia ya 6.5 anayopewa mweupe kwa sababu mweusi ndiye anayeanza: 34.5. Nimefungwa kwa nusu pointi. Halafu akanionyesha kwa kidole jiwe aliloliweka ukingoni mwa ubao muda mrefu nyuma, jiwe ambalo mimi nililidharau. Lilikuwa na thamani ya pointi moja tu, lakini nililazimika kulijibu, kwa hiyo zamu ilirudi kwake bure na pointi ikabaki mfukoni mwake.

Sasa chukua jicho la mzee yule, ulizidishe mara elfu, uliweke kwa mtoto. Lee alizaliwa Jeonju mwaka 1975, katika familia iliyokuwa na duka la saa. Akiwa bado mdogo alihamia nyumbani kwa mwalimu wake, Cho Hunhyun, akala na kulala humo. Mwaka 1986, akiwa na miaka 11, akawa mchezaji wa kulipwa. Cho alikuwa mtu wa kasi, walimwita mbayuwayu, na mwaka 1989 alimshinda Nie Weiping wa China 3-2 na kutwaa Kombe la kwanza la Ing, mashindano ya dunia ya Go. Mwanafunzi wake alikuwa kinyume chake kabisa: uso haucheki wala haununi, wakambandika jina la Buddha wa Jiwe. Husimuliwa kwamba mwalimu alimuuliza kwa nini ameacha kummaliza mpinzani waziwazi na kuzunguka njia ndefu. Mtoto akajibu kwamba ile njia fupi ina hatari ndani yake, na hii ndefu inampa nusu pointi kila mara. Mwaka 1990, akiwa bado anaishi nyumba ileile, alianza kumvua mwalimu wake mataji. Mwaka 1992, akiwa na miaka 16, alimfunga Rin Kaiho 3-2 kwenye fainali ya Kombe la Tong Yang na kuwa bingwa wa dunia mdogo kuliko wote waliomtangulia.

Jibu lile la mtoto ndilo mwandishi wenu amelipita. Ili ujue kwamba nusu pointi inatosha, ubao ukiwa bado una mianya kila upande, lazima uwe umeshaihesabu yote: kipi kina pointi mbili, kipi kina moja, nani atakayelazimika kumjibu nani. Wengine walianza hesabu hiyo mchezo ukielekea kuisha. Lee aliianza watu wakiwa bado wanapigana katikati. Wapinzani walilijua hilo. Walijua kwamba wakifika mwisho wakiwa sawa naye wamekwisha, basi walijitutumua mapema kutafuta ziada, wakavamia pasipovamika, wakavunjika. Kwa mtazamaji ilionekana wamekosea wenyewe. Nani aliyewasukuma?

Na kama ni baridi, mwandishi atuelezee ya Kombe la Nongshim, ambalo halikuguswa kabisa kwenye makala. Ni mashindano ya timu za China, Japani na Korea, kila timu watu watano, anayeshinda anabaki mezani. Katika mashindano ya 2004 hadi 2005 Wakorea wenzake wanne wote walitolewa, akabaki Lee peke yake mbele ya wapinzani watano. Na wakati huo alikuwa ameshaanza kupokonywa mataji nyumbani na vijana. Alimtoa Luo Xihe kule Busan. Februari akaenda Shanghai, akawatoa Zhang Xu, Wang Lei, Wang Mingwan na Wang Xi, mmoja baada ya mwingine. Ukikosea mara moja tu, timu nzima inarudi nyumbani.

Baada ya 2005 hakuchukua tena taji kubwa la dunia la mtu mmoja mmoja, ingawa alifika fainali kadhaa. Kwa maoni yangu sababu ni kwamba kizazi kilichomfuata kilikulia juu ya michezo yake. Hesabu iliyokuwa siri yake ikawa somo la kila mtoto.

La mwisho, naomba mwache kuiita Go "bao la Kichina". Kwenye bao kete hutembea shimo hadi shimo. Jiwe la Go ukishaliweka halisogei hadi litekwe, ndiyo maana lile jiwe la mzee lilikuwa bado pale ukingoni wakati ananionyesha.

Msomaji wenu,
Morogoro