Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: Kipindi cha kuchora kisiondolewe kwa watoto wa miaka 10

Mheshimiwa Waziri,

Pokea salamu zangu kutoka shambani. Mimi ni mchoraji na mfinyanzi, na ni mfugaji wa mbuzi na kuku. Huu ni mwaka wa 11 naishi hivi: alfajiri nakamua, namwagilia bustani, nageuza mboji, na jua likishapanda naingia kibandani kuchora. Ipo miezi ambayo hainunuliwi picha hata moja, na miezi hiyo bustani ndiyo inayotulisha. Siombi fedha, wala siyalalamikii maisha niliyoyachagua mwenyewe. Nakuandikia kwa ajili ya watoto waliokuwa wakija hapa kila Jumatano mchana kwa miaka 6 kujifunza kuchora, na ambao tangu muhula huu uanze hawaji tena.

Sababu naijua, maana niliambiwa waziwazi. Kipindi cha sanaa cha watoto wakubwa kimegeuzwa kuwa kipindi cha marudio ya mitihani. Wadogo wameachiwa chao. Mwalimu mkuu aliyenieleza hakuwa na ubaya wowote. Alisema kwa upole kwamba wadogo bado wana muda wa kucheza, ila hawa wa miaka 10 na 11 mtihani umeshawakaribia. Shule za jirani nazo zimefanya hivyo hivyo. Sitaitaja yoyote, kwa sababu walimu hawa wanabanwa na matokeo wanayodaiwa kutoka juu.

Lakini Mheshimiwa, ukilazimika kupunguza sanaa mahali fulani, umri huo ndio wa mwisho kuguswa. Naomba uvumilivu wako nieleze.

Mtoto wa miaka 2 akipewa kipande cha mkaa huchora mizunguko isiyoisha, kwa raha tu ya mkono kwenda. Akifika miaka 3 au 4 anachora mtu: duara lenye macho, na miguu miwili inayoteremka moja kwa moja kutoka kichwani, tumbo hakuna. Kwenye 6 au 7 anapiga mstari wa ardhi chini ya karatasi na kusimamisha vitu vyote juu yake. Akichora nyumba atakuonyesha hadi waliolala ndani, kana kwamba ukuta ni kioo. Muda wote huo haogopi chochote. Kisha inaingia miaka 9, 10, 11, na jicho linautangulia mkono. Anaona mwenyewe kwamba mbuzi aliyemchora hafanani na mbuzi. Viktor Lowenfeld, mwalimu wa sanaa mzaliwa wa Austria aliyefundisha Marekani, aliieleza hatua hii katika kitabu chake cha mwaka 1947, na kila anayefundisha watoto kuchora ameishuhudia. Mtoto akikosa wa kumwongoza hapo, huweka kalamu chini na kusema, "Mimi sijui kuchora." Mwombe mtu mzima yeyote akuchoree mtu. Wengi watakupa picha ya mtoto wa miaka 10, kwa sababu hapo ndipo walipoachia.

Mwaka jana binti mmoja wa umri huo alikuwa akimchora mbuzi jike niliyemfunga kivulini. Miguu ya nyuma ilimshinda. Akachora, akafuta, akachora tena, akafuta, mpaka karatasi ikatoboka. Akaifunika kwa kiganja ili nisione. Nikakaa chini kando yake, nikamwambia aiache miguu kabisa, achore ile hewa iliyo katikati ya miguu. Aliniangalia kwa mashaka. Hewa ile haina jina wala umbo tulilolikariri, kwa hiyo mkono hauna cha kubuni. Unafuata jicho tu. Akachora kipande kimoja kama pembetatu iliyolala, kingine chembamba kama jani, kingine tena chini ya tumbo. Alipoinua kichwa, miguu ilikuwa imeshasimama yenyewe kati ya vile vipande.

Hapo ndipo akauliza mbona goti la nyuma la mbuzi linakunjika kinyume. Tukampapasa mnyama taratibu, kisha akajipapasa mguu wake mwenyewe. Lile tunalolidhani goti la nyuma ni kifundo cha mguu, na goti lenyewe liko juu, limejificha karibu na tumbo. Goti la mbele nalo ni kifundo cha mkono. Mbuzi anatembea kwa ncha za vidole siku zote. Yule binti aliinuka akauzunguka uwanja mzima kwa ncha za vidole, mikono ameitanguliza mbele, na wenzake 14 wakamfuata. Sijui ni kipindi gani cha sayansi kingemwingia kuliko hicho, na kilianzia kwenye karatasi iliyotoboka.

Vifaa si kikwazo. Karibu kila tunachotumia kinatoka hapa hapa. Kalamu ya wino ni unyoya wa bawa uliochongwa kwa kisu. Mkaa wa kuchorea tunautengeneza kwa vijiti vikavu vilivyoambuliwa maganda: tunavipanga ndani ya mkebe, tunaufunga, tunaacha tundu dogo moja, tunaufukia kwenye makaa. Moshi ukikoma kutoka tunduni, vimeiva. Sasa inabaki kazi ngumu kuliko zote kwa mtoto, kungoja mkebe upoe, kwa sababu ukiufungua ungali wa moto hewa inaingia na vijiti vyote vinaungua kuwa majivu. Walishaviunguza mara mbili. Mara ya tatu walikaa kimya kuuzunguka ule mkebe hadi jua likaanza kushuka.

Rangi ni udongo uliosagwa, ukachekechwa, ukachanganywa na kiini cha yai na maji kidogo. Kabla rangi za mafuta hazijaenea, wachoraji wa Ulaya walipaka mbao zao hivyo hivyo kwa karne nyingi. Na ukiukaanga udongo wa njano juu ya bati, hugeuka mwekundu mbele ya macho yako, kwa kuwa joto linayafukuza maji yaliyofungamana na chuma kilichomo. Kijana mmoja aliniuliza kama ukipoa utarudi kuwa wa njano. Sikumjibu. Tulingoja ukapoa, akauangalia mwenyewe, akaandika kwenye daftari: "Haurudi."

Wapo watakaosema kuchora ni anasa ya watoto walioshiba. Katika pango la Rouffignac nchini Ufaransa, watafiti walipima upana wa mistari iliyochorwa kwa vidole kwenye kuta laini maelfu ya miaka iliyopita, wakakuta mingine ni ya watoto wadogo sana, na mingine iko juu mno kiasi kwamba lazima mtoto alibebwa na mtu mkubwa. Watu wale waliishi kwa kuwinda. Bado alipatikana wa kumwinua mtoto afikie ukuta. Nasi katika zama zetu tumeandika: Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, kifungu cha 31, unamtambulia mtoto haki ya kupumzika, kucheza na kushiriki kwa uhuru katika utamaduni na sanaa. Kifungu hicho hakisemi haki hiyo inakoma mtihani unapokaribia.

Ninachoomba ni waraka wako mmoja kwa shule zote. Useme kwamba kipindi cha sanaa cha watoto wa miaka 9 hadi 12, hata kama ni kimoja tu kwa wiki, hakitageuzwa kuwa cha kitu kingine, na kwamba hilo linahusu pia muhula wa mitihani. Na kwa kuwa shule nyingi hazina mwalimu wa somo hili, waraka huo uwaruhusu wakuu wa shule kuwaalika mafundi wanaoishi karibu nao: wachoraji, wafinyanzi, wachongaji, wasusi. Mimi nilipoomba kwenda kufundisha darasani badala ya watoto kuja kwangu, nilijibiwa kwamba sina cheti cha ualimu. Ni kweli, sina. Naelewa pia kwa nini mzazi anataka kujua ni nani anakaa na mwanawe. Basi tuchunguzwe, na mwalimu wa darasa awepo muda wote. Hata watoto walipokuwa wakija hapa mwalimu wao hakuwahi kukosa, na wengine walichora pamoja nao. Franz Cižek, aliyefungua darasa la sanaa la watoto jijini Vienna mwaka 1897 na kuwaacha wachore ya kwao bila kunakili ya wakubwa, alikuwa mchoraji kwanza.

Najua dawati lako lina mambo mengi, madarasa yasiyotosha, walimu wasiotosha, na barua hii itakaa chini ya mengine yenye kelele zaidi. Ninachohofia ni muda. Yule binti wa mbuzi sasa ana miaka 11. Juzi nilikutana naye njiani na mzigo wake wa vitabu, nikamuuliza kama anachora nyumbani. Akasema ameacha kidogo.

Jumatano zangu sijazipangia kazi nyingine. Mabenchi yapo, udongo umeshachekechwa, na mwalimu yeyote mwenye ruhusa yako anaweza kuwaleta kuanzia saa nane mchana.

Wako mtiifu,
Mchoraji, mfinyanzi na mfugaji