Kwa walimu wa awali wa Moshi: huyo mtoto asiyetulia

Wanangu walimu,

Nawasalimu, mlioko Pasua, Njoro, Kiboriloni na kule juu migombani. Nimefundisha awali miaka mingi na sasa nimestaafu, lakini kuna mtoto mmoja ambaye hajanitoka moyoni.

Alikuwa na miaka mitano. Ukimwambia, "Chukua daftari, fungua, chora duara," daftari atachukua, kisha utamkuta dirishani anatazama lori la ndizi. Nilimchapa. Nikampigisha magoti mbele ya wenzake. Mama yake akija kumchukua alikuwa ananiuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, leo tena?" Swali lile linaniuma mpaka leo.

Siku moja, kwa kuchoka tu, nilimpa kopo amwagilie mchicha nyuma ya darasa. Akaenda na kurudi mara nne, akaloa mpaka magotini. Aliporudi akakaa mkekani, akapanga vifuniko vya soda mpaka ishirini bila kuinua kichwa. Kumbe mwili wake ulikuwa unadai kazi kwanza, ndipo akili itulie. Mimi nilikuwa nauadhibu mwili huo kwa kuufungia sehemu moja.

Baadaye ndipo nikajifunza kuhusu ADHD, hali inayomfanya mtoto ashindwe kutulia au kuweka akili mahali pamoja. Ni namna ubongo unavyokua, na kwa sehemu kubwa mtu huirithi. Hailetwi na mashetani, wala sukari, wala mama aliyeshindwa kulea. Ila nawasihi, msikimbilie kumpa mtoto jina hilo, maana wa miaka minne kutotulia ni kawaida yake. Daktari huangalia kama dalili zinazidi za watoto wa rika lake, zimedumu angalau miezi 6, na zinaonekana nyumbani na shuleni pia. Kabla ya hapo masikio yapimwe, na macho, na muulize analalaje usiku. Mzazi aanzie zahanati aombe rufaa. Hospitali ya rufaa ya KCMC tunayo hapa hapa mjini. Na kwa mtoto aliye chini ya miaka 6, matibabu ya kwanza ni kumfundisha mzazi namna ya kumwongoza. Vidonge havitangulii.

Msimsahau binti aliye kimya kule nyuma, anayeangalia dari. Huyo hasumbui mtu, ndiyo maana hakuna anayemwona, naye anaweza kuwa na hali hiyo hiyo. Na yule mwenye usonji (autism) anayeziba masikio wenzake wakipiga makofi, msimlazimishe kupiga. Mwacheni apunge mikono.

Najua darasa limejaa mpaka mlangoni na mko peke yenu. Kwa hiyo sitawaagiza makubwa. Agizo liwe moja, likiisha ndipo lije la pili. Mtoto asiyetulia mkalisheni karibu nanyi, mbali na dirisha. Akifanya vizuri msifieni palepale, kwa kutaja alichofanya: "Umesubiri zamu yako, nimekuona." Kila baada ya muda mfupi wasimamisheni wote, waimbe, waruke, ndipo mrudi kwenye herufi.

Mama yake akija jioni, anzeni na jambo moja jema mliloliona siku hiyo, hata liwe dogo. "Mwanao mkorofi" ameshaisikia kwa majirani, na kwenye daladala, na kanisani.

Na fimbo iliyoko juu ya kabati, kesho asubuhi kabla watoto hawajaingia, iondoeni.

Mwalimu wenu mstaafu,
Moshi