Usingoje 2027

Nakuru

Mpendwa Baba Neema,

Salamu nyingi kwako, kwa Mama Neema na wazee wote wa Kaimosi. Huku sote tu wazima.

Uliniandikia kwamba vita ni kama ukame, vina zamu yake, na uchaguzi wa 2027 ukifika litakalokuwa litakuwa. Ndugu yangu, hapo sikubaliani nawe.

Alikuwako Mwingereza aitwaye Lewis Fry Richardson, mtaalamu wa hali ya hewa na Mrafiki (Quaker) kama ninyi. Vita vya Kwanza vya Dunia vilimkuta hataki kushika bunduki, akaenda Ufaransa kuendesha ambulensi. Baadaye alikaa miaka mingi akihesabu vita vilivyopiganwa duniani tangu 1820, akakuta vinaanza bila zamu yoyote. Mwaka huu hakuna, mwaka ujao viwili, na utulivu wa jana hauahidi wala hautishii kitu kesho.

Sasa tazama vyetu hapa Kenya: 1992, 1997, 2007, 2017. Kila mara ni uchaguzi. Lakini 2002 na 2013 pia tulipiga kura, na nchi haikuwaka vile. Kwa hiyo si kura inayoua. Kuna watu wanaochochea, wanaolipa vijana, wanaosambaza vijikaratasi vya kuwaambia majirani wahame, na mtu anaweza kuzuiwa.

Linalonitisha zaidi ni ukubwa. Katika hesabu hizo za Richardson, ukitafuta vita vyenye vifo mara 10 zaidi, idadi yake hupungua kama mara 3 tu. Maana yake vile vikubwa mno si nadra kama tunavyojipa moyo, na vinapoanza huwezi kujua vitakomea wapi. Sisi wa Nakuru tunalijua hilo. Matokeo yalitangazwa Desemba 30, 2007, Eldoret ikawaka, nasi karibu mwezi mzima tukadhani yatapita kando. Mwishoni mwa Januari yakatufikia, kisha Naivasha. Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia hizo, ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchini. Ndiyo maana sipendi kabisa kusikia mtu akisema, "Ni fujo ndogo tu, polisi watatuliza."

Wewe umo katika kamati ya amani, na mpaka wa Nandi uko hapo hapo mlangoni. Nakuomba uwaite wazee wa pande zote mbili sasa, kabla kampeni hazijapamba moto. Kila kijikaratasi kikiokotwa, kila ng'ombe akiibwa, kila duka likivunjwa, andikeni tarehe na mahali, hata kama hakuna aliyeumia. Nitumie nakala, nami nitakusaidia kuzipanga.

Nijibu upesi.

Ndugu yako,
Otieno