Barua kwa Kaka kuhusu simu na habari za Shangazi

Leipzig, Ujerumani

Kwako Kaka,

Kamwene. Nimepokea ombi lako la fedha za simu ya kijana, na nimeyasikia pia maneno yanayosemwa hapo Kalenga kwamba ninashinda mtandaoni ilhali sina muda wa kujibu watu. Yameniuma, ndiyo maana nayajibu kwa barua.

Kila wiki simu yangu huniletea hesabu ya saa nilizoitazama na mahali zilikokwenda, na sehemu kubwa kuliko zote huenda kwenye kundi letu la ukoo la WhatsApp. Nikitoka zamu ya usiku hukuta picha za maua zenye salamu za asubuhi, mahubiri marefu, na lile onyo la dawa bandia ambalo limezunguka tangu mwaka juzi. Huyapitia yote, kwa sababu humo humo, kati ya video mbili za vichekesho, ndimo nilimoikuta habari kwamba Shangazi wa Mafinga amefanyiwa upasuaji, tena akiwa amekwisharuhusiwa kurudi nyumbani. Hakuna aliyenipigia. Mtu aliyenibeba mgongoni, Kaka, habari zake nizichambue kama mchele?

Televisheni sina, wala siihitaji. Mtihani wa uuguzi nimeufaulu, tena kwa Kijerumani, na Baba aambiwe hilo kabla ya mengine yote. Miezi ile ya kujiandaa simu ililala kabatini. Kwa sababu hiyo fedha za simu ya kijana nitazituma atakapomaliza mtihani wake wa kidato cha nne mwezi Novemba, si kabla; za ada zinakuja wiki hii.

Kitu nisichokipunguza ni taarifa ya habari ya TBC Taifa ya saa mbili usiku, ambayo huku naipata kwa intaneti saa moja jioni wakati wa kiangazi, na saa kumi na mbili majira ya baridi. Ikianza tu namwona Baba ameinua kidole tunyamaze, Mama anaepua ugali, nawe unaipigapiga redio mgongoni kwa kuwa betri zimechoka, hata zile tulizozianika juani mchana kutwa.

Naomba basi habari ya ugonjwa, msiba au shamba isipitie kundini. Nibipu tu, nami nitapiga. Mwambie Shangazi nitampigia Jumamosi jioni, akae pale karibu na mparachichi ambapo mtandao unashika.

Ni mimi mdogo wako.