Kumbukumbu za watu wa Bandari ya Kale zihifadhiwe wazee wangali hai

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili niseme machache kuhusu Bandari ya Kale ya Mombasa, kwa sababu naona muda uliobaki wa kuyasema si mwingi. Hivi karibuni tulimzika mzee mmoja wa mtaani kwetu Kibokoni, aliyefanya kazi katika majahazi tangu ujana wake hadi akawa serahangi, yaani msimamizi wa mabaharia. Jioni moja, kama miaka miwili kabla ya kufariki kwake, nilimkuta barazani akiwaeleza wajukuu jinsi chombo kilivyokuwa kikitiwa deheni. Maji yakishatoka, alisema, jahazi hulazwa ubavu, mbao hukwanguliwa zikawa safi, kisha chokaa iliyochanganywa na shahamu hupakwa kwa kiganja cha mkono, na kazi yote sharti iishe kabla ya maji kujaa. Akaunyoosha mkono wake juu ya kiambaza cha baraza na kuwaonyesha namna kiganja kinavyosukuma mchanganyiko ule uingie katika maungio ya mbao ili wadudu wasipate pa kutoboa. Wale watoto walimtazama kwa dakika chache, kisha wakarudi kwenye michezo yao. Nami nilikuwa na simu mfukoni yenye uwezo wa kunasa sauti na picha, lakini sikuitoa.

Tangu siku ya mazishi yale nimekuwa nikijiuliza ni kwa nini sisi watu wa mji huu tumekuwa waangalifu mno kwa mawe yetu na wazembe kwa watu wetu. Ngome ya Yesu, iliyojengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2011, na ni haki yake. Mji wa Kale nao unalindwa kisheria, na mwenye nyumba hapaswi kubomoa wala kujenga atakavyo bila idhini. Hata chini ya maji tumefika: merikebu ya Wareno iitwayo Santo António de Tanná, iliyozama mbele ya Ngome mwaka 1697 wakati wa kuzingirwa na Waomani, ilichimbuliwa na wapiga mbizi kati ya 1977 na 1980, na vitu vilivyopatikana vimewekwa katika makumbusho pale Ngomeni. Sipingi hata kidogo juhudi hizo. Ninachosema ni kwamba tunajua mengi kuhusu merikebu ya kigeni iliyokaa chini ya bahari kwa zaidi ya miaka 270 kuliko tunavyojua kuhusu majahazi ambayo baba zetu waliyapakua kwa mabega yao.

Bandari haikuwa gati na jengo la forodha tu. Ilikuwa watu waliofuata upepo. Kaskazi ilipovuma, kuanzia Desemba hadi Machi, vyombo vilikuja kutoka Oman, Hadhramaut, Ghuba na Kutch, vikiwa na tende, chumvi, mazulia na papa mkavu; kusi ilipoanza, vilirudi na boriti, nafaka na bidhaa nyinginezo za nchi hii. Mabaharia wetu walikuwa na hesabu yao ya mwaka, ianzayo na Nairuzi, yaani siku ya mwaka, na kuzigawa siku zote kumi kumi katika miongo. Kwa hesabu hiyo nahodha alijua ni lini bahari hufunga na ni lini hufunguka. Kuna maneno ambayo yamo katika kamusi lakini hayamo tena vinywani: foromali, joshi, mkuku, taruma. Chukua neno demani, ambalo ni kamba ya tanga na pia ni jina la majira ya mwisho wa kusi. Nilimwuliza kijana wa kidato cha tatu, mzaliwa wa mji huu, ambaye babu yake alikuwa nahodha, naye hakujua maana hata moja.

Reli ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, na magati ya kina kirefu yalipofunguliwa Kilindini katika miaka ya 1920, meli kubwa zilihamia upande ule mwingine wa kisiwa, na bandari yetu ikabakiwa na majahazi. Baadaye nayo yakapungua. Hilo ni jambo la biashara na sina la kulilaumu. Lakini hata jina la Kilindini linasahauliwa asili yake, kwani wengi wanaopita pale leo hudhani ni jina la bandari tu, ilhali Wakilindini ni mojawapo ya Thelatha Taifa, yaani yale mataifa matatu ya Waswahili wa Mombasa, pamoja na Watangana na Wachangamwe, watu waliokuwa na mji wao upande ule kabla hapajawa na gati wala winchi.

Wapo watakaosema kwamba masimulizi ya wazee hayawezi kutegemewa, kwamba historia ni ile iliyoandikwa. Mombasa ina jibu lake tangu zamani. Muyaka bin Haji, malenga mkuu wa mji huu, alifariki karibu na mwaka 1840. Mashairi yake tunayo leo kwa sababu, miaka mingi baada ya kifo chake, Mwalimu Sikujua bin Abdallah alikuwa bado anayakumbuka na kuyakusanya, na mmisionari Mwingereza, W. E. Taylor, akakaa naye na kuyaandika. Mwalimu Sikujua alifariki 1890. Lau kikao kile kingeahirishwa kwa miaka michache, tungekuwa na jina la Muyaka bila maneno yake. Tena karatasi za Taylor zimehifadhiwa London hadi hivi leo, jambo ambalo ninalitaja kwa kuwa nitalirudia.

Na yaliyoandikwa nayo hayako salama. Nyumbani kwetu palikuwa na sanduku la babu, la mti wa mvule, lenye kufuli la shaba. Ndani mlikuwa na risiti za forodha, mapatano ya kukodi vyombo yaliyoandikwa kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, na daftari la masurufu na migao ya mabaharia, jina moja baada ya jingine, safari baada ya safari. Tulipoikarabati nyumba mwaka 1998 tulikuta mchwa wamekwisha kula pembe za karatasi, na miongoni mwetu sisi vijana hapakuwa na mtu aliyeweza kuisoma hati ile kwa wepesi. Tukazitoa uani tukazichoma pamoja na mbao mbovu. Sanduku tuliliacha, kwa sababu lilikuwa zuri. Mimi ndiye niliyewasha kibiriti, na majina ya wale mabaharia siwezi kuyarudisha.

Najua kwamba zipo nyumba nyingine katika Kuze, Bondeni na kando ya Ndia Kuu zenye masanduku kama lile, na kwamba wenyewe hawataki kuyatoa. Wana haki. Wenye nyumba wameona watu wakija kwa maneno matamu wakaondoka na picha za ukutani, vitasa na hata milango ya nakshi. Kwa hiyo ombi langu kwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya na kwa serikali ya kaunti ni kwamba kazi hii isianze kwa kuomba vitu. Waje watu wawili watatu wenye kamera nzuri, wapige picha kila ukurasa mbele ya mwenye nyumba, wamwachie karatasi zake siku ile ile na wampe nakala. Ikifanyika hivyo katika nyumba tano za kwanza, nina yakini wa nyumba ya sita atakuja mwenyewe kuita.

Sauti za wazee ni za dharura kuliko karatasi. Wako manahodha, serahangi, mafundi wa kuchonga na kukalafati, yaani kuziba maungio ya mbao, makarani wa forodha, na wako mahamali waliokuwa wakishusha magunia. Wako pia kina mama, ambao mara nyingi husahaulika katika mazungumzo haya, ingawa wao ndio waliokaa na nyumba miezi yote ambayo waume walikuwa safarini, wakajua nani kadai na nani kalipwa, na wakahifadhi nyimbo zilizoimbwa vyombo viliporudi. Waulizwe wote, kila mmoja kwa lugha yake: Kimvita, Kibajuni, Kikachi cha watu wa Kutch, Kiarabu cha Washihiri waliotoka Hadhramaut, Kidigo. Tafadhali maneno yao yasisahihishwe yakafanywa Kiswahili sanifu. Mzee akisema ndia kwa maana ya njia, iandikwe ndia, kwa sababu katika herufi ile moja mna mji mzima.

Sheria ipo. Katiba ya 2010 iliziachia kaunti shughuli za utamaduni, zikiwemo maktaba na makumbusho za kaunti, na Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya 2006 inalipa shirika la kitaifa jukumu la kulinda urithi. Kinachohitajika ni pande mbili hizo kukaa pamoja na watu wa mitaa, na kutenga chumba kimoja karibu na forodha yenyewe, ambamo mtoto anaweza kuingia bila kulipa, akavaa visikizio na kumsikia babu wa jirani akieleza namna ya kupandisha tanga. Nakala zikae pale, na nyingine zikae penginepo. Ndiyo maana nilitaja karatasi zilizoko London, ambazo mtoto wa Kibokoni hazifikii kwa miguu. Ila kuweka vitu vyote mahali pamoja, hata pakiwa nyumbani, nako ni hatari: Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib kule Zanzibar iliporomoka, nayo ndiyo iliyokuwa nyumba ya makumbusho, na watu walipoteza maisha.

Nasisitiza jambo moja ambalo huenda likawaudhi baadhi ya jamaa zangu. Si kila kumbukumbu itakayotolewa itakuwa ya fahari. Pwani hii ilisafirisha watu kama bidhaa, na hali ya utumwa haikufutwa kisheria katika ukanda wetu hadi 1907. Ng'ambo ya maji, Frere Town, walikalishwa watu waliokombolewa katika miaka ya 1870, na mnara wa kengele yao bado upo pale Kengeleni. Wajukuu wao ni jirani zetu. Tukiwahoji wajukuu wa wenye majahazi peke yao, tukawaacha wajukuu wa waliopakiwa ndani yake, tutakuwa tumeandika shajara ya matajiri na kuiita historia ya bandari. Vilevile Wamijikenda, ambao chakula na nazi zao ndizo zilizolisha mji huu na kujaza vyombo, waingie katika orodha tangu mwanzo, wala wasingoje kukumbukwa mwishoni.

Kuhusu gharama sitasema sana. Simu ambazo vijana wetu wanazo zinatosha kuanzia, na walimu wa Kiswahili katika shule za mji huu wanaweza kuwatuma wanafunzi wao wakati wa likizo, kila mmoja kwa mzee mmoja, akiwa na maswali yaliyopangwa vizuri. Kinachogharimu ni kuhifadhi, kuorodhesha na kunakili kwa miaka mingi, na hapo ndipo serikali inapotakiwa.

Baada ya mazishi niliyoyataja nilianza na mjomba wangu, ambaye alifanya kazi ya kuhesabu mizigo getini na sasa haoni vizuri. Hadi leo nina saa nne za sauti yake. Katika saa ya tatu anataja majina ya vyombo alivyovikumbuka, anafika kumi na saba, ananyamaza, kisha anasema nimrudie kesho kwa sababu kuna vingine viwili ambavyo majina yake yako karibu. Nilirudi, akavipata. Nakala ya mazungumzo hayo iko tayari, na yeye mwenyewe ameridhia itolewe. Siku chumba kitakapopatikana nitaileta kwa mkono wangu.

Wako mwaminifu,
Mkazi wa Kibokoni,
Mji wa Kale, Mombasa