Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Uvujaji wa Njia na Kazi Iliyobaki Mikononi Mwetu

Ndugu wanachama,

Mambo ya ada, fedha na kiyoyozi cha chumba cha mitambo yamo kwenye taarifa ya mweka hazina, nami sitayarudia. Taarifa yangu mwaka huu ina jambo moja, lile lililokula muda wa kamati ya ufundi kuliko mengine yote: kuzuia njia zisivuje kutoka kwenye mitandao yetu inayokutana katika kituo hiki cha kubadilishana trafiki ya intaneti.

Kwa wenzetu wapya, tatizo ni hili. BGP ni itifaki ambayo mitandao huitumia kuambiana ni anwani zipi zinafikika kupitia kwa nani. Haijui nani anamlipa nani. Ukipokea njia kutoka kwa mtoa huduma wako wa juu, kisha ukamtangazia mwenza wako, yaani mtandao mnaobadilishana trafiki bila kulipana, ruta zitakubali bila swali, na trafiki isiyokuhusu itamiminika kwako. Ni kama mwenye nyumba ya uchochoroni abandike kibao barabara kuu kwamba malori yote yapite uani kwake.

Kisa ninachopenda kukitaja ni cha Nigeria, kwa sababu mazingira yake yanafanana na yetu. Novemba 12, 2018, kampuni ya intaneti ya MainOne ilikuwa ikiboresha mtandao wake. Vichujio vya BGP, yaani kanuni za njia zipi zitangazwe kwa nani, vikawekwa vibaya, na njia za Google ilizokuwa ikizipata kwa ujirani wao wa Lagos zikatangazwa kwa China Telecom, nayo ikazisambaza mbele. Vitalu 212 vya anwani za Google vilipotea njia kwa dakika 74. Watu walishuku udukuzi. Kumbe ni kosa la mipangilio, na kampuni yenyewe ilisema hivyo.

Ndani ya kamati wapo waliosema, sisi tumeshaweka ROA zetu AFRINIC, msajili wa anwani za intaneti Afrika, tuna wasiwasi gani? Nawaheshimu, lakini hapana. ROA huthibitisha ni mtandao gani wenye haki ya kuanzisha tangazo la anwani fulani. Katika kisa cha Lagos mwanzilishi alibaki kuwa Google, hivyo ukaguzi wa ROA usingeona kasoro. Kilichoharibika ni mahali njia ilipopitia.

Dawa ya hilo IETF, chombo kinachoweka viwango vya intaneti, iliitoa Mei 2022, katika waraka wake RFC 9234. Muunganisho wa BGP unapofunguka, kila upande hutaja nafasi yake, yaani yeye ni nani kwa mwenzake: mtoa huduma, mteja, mwenza, seva ya njia (mashine ya kituo inayokusanya njia za wanachama na kuwagawia wenzao), au mteja wa seva ya njia. Kauli zikigongana, mathalani wote wawili wakidai ni watoa huduma, muunganisho haufunguki. Kisha njia inayoshuka kwa mteja au kwenda kwa mwenza hubandikwa alama iitwayo OTC, yenye namba ya mtandao ulioibandika. Njia yenye alama hiyo haipaswi tena kupelekwa kwa mtoa huduma, kwa mwenza wala kwenye seva ya njia. Ikionekana inapanda kutoka kwa mteja, imevuja.

Uzuri wake ni kwamba alama hiyo husafiri. Ruta isiyoielewa huipitisha ilivyo. Google wangeibandika wakati ule, basi hata kama ruta za MainOne zisingejua lolote, China Telecom wangeiona namba ya Google kwenye njia iliyoletwa na MainOne na kuikataa, wawe wanamhesabu MainOne kuwa mwenza au mteja. Kwa hiyo hatuna haja ya kusubiri dunia nzima ikubali ndipo tuanze.

Programu za ruta zenye uwezo huo nazo zipo. FRR ina nafasi hizi tangu toleo la 8.4, na BIRD na OpenBGPD vilevile. Kwenye BIRD ni mstari mmoja, local role, ukifuatwa na nafasi yako. Seva yetu ya njia tayari imesasishwa na inajitambulisha kwa nafasi yake. Ndugu zangu wenye ruta za MikroTik, ambao najua si wachache, angalieni hapa: RouterOS 6, toleo la zamani la mfumo unaoziendesha, haina kitu hicho. RouterOS 7 inakuuliza nafasi unapoweka muunganisho, ila wengi huandika ebgp tupu, yaani muunganisho na mtandao wa nje bila kutaja nafasi, na kusonga mbele. Hapo hujasema wewe ni nani kwa jirani yako.

Palipotugawa ni hali ya ukali, yaani kumkatalia jirani yeyote asiyetaja nafasi yake. Vijana wa kamati waliitaka mara moja. Mimi nilipinga na bado napinga. Tukiiwasha leo kwenye seva ya njia, wenye ruta za zamani wataondoka kituoni kabla hawajasasisha, na trafiki ya mtaa wa pili itarudi kuzunguka Ulaya. Tuanze na hali ya kawaida.

Ugumu mwingine si wa kiufundi. Baadhi yetu ni wateja wa mwenzao kwa huduma moja na wenza kwa nyingine, juu ya muunganisho uleule. RFC haina nafasi ya mahusiano ya namna hiyo. Ama muyatenganishe kwa miunganisho miwili, ama muiache nafasi na kutegemea vichujio. Nashauri kutenganisha. Wengine, na hili lilinishangaza, hawakuweza kuiambia kamati wao ni nani kwa jirani yao, kwa kuwa makubaliano yalifanywa kwa simu na fundi ambaye ameshahama.

Nafasi haziondoi kinga za zamani. Kila muunganisho uwe na ukomo wa idadi ya vitalu vya anwani. Juni 24, 2019, Verizon, mtoa huduma mkubwa wa Marekani, ilipokea kutoka kwa mteja mdogo wa Pennsylvania maelfu ya njia zisizo zake na kuzisambaza. Kampuni ya Cloudflare, inayohudumia na kulinda tovuti za wengine, waliopoteza takriban asilimia 15 ya trafiki yao wakati huo, walieleza kuwa ukomo wa namna hiyo ungetosha kuukata mkondo.

Kamati inaleta azimio moja mkutano mkuu: fomu ya uanachama iongezewe sehemu ya kutaja nafasi ya kila muunganisho unaopita kituoni, ijazwe na pande zote mbili. Fomu za majaribio zipo kwa katibu. Wenye mahusiano ya mchanganyiko waonane na kamati kabla ya mkutano, maana ukumbini hatutaweza kuchambua mkataba wa mtu mmoja mmoja.

Mwenyekiti